Jodari wa Jumamosi Ile: Sumu Isiyoogopa Moto

UKUMBI WA MWALIMU



Katika toleo lililopita niliahidi kwamba mwezi huu tungeendelea na mazungumzo yetu ya methali za baharini na namna ya kuwafundisha watoto waliozaliwa hapa Uingereza. Methali zitatungojea. Nina deni la kulipa kwanza, na deni lenyewe linatokana na samaki.

Baadhi yenu mlikuwapo katika chakula cha mchana kilichoandaliwa Jumamosi moja ya Julai kumkaribisha mgeni wetu kutoka Unguja, na ambao hawakuwapo naamini wamekwisha kusimuliwa, maana habari za mji huu wa London hazihitaji gazeti. Mwenyeji wetu, mama ninayemheshimu sana, alipika wali wa nazi na jodari wa kupaka. Tulioonja samaki yule tulikuwa watu kumi na mmoja. Haikupita nusu saa tangu kunawa mikono, nyuso za baadhi yetu zikaiva wekundu kama za watu walioshinda juani. Mmoja alilalamika kwamba kinywa kinamwasha na kwamba pilipili imezidi, ilhali mwenyeji alitia pilipili mbili tu katika sufuria nzima. Mwingine kichwa kilimgonga, mwingine moyo ulimwenda mbio, na wawili wakakimbilia msalani. Mtoto wa miaka tisa alitokwa na vipele mwili mzima, akaanza kuhema kwa shida, ikabidi gari la wagonjwa liitwe. Alhamdulillahi, hospitali walimpa dawa, na kabla ya Magharibi alikuwa akiomba biskuti.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoniuma zaidi. Wapo waliosema ni jicho. Wapo waliosema, kwa sauti ya chini lakini si ya chini vya kutosha, kwamba jiko la mama yule halina usafi. Tangu siku hiyo hajamwalika mtu nyumbani kwake. Mama wa mtoto naye, kwa hofu ambayo hakuna mzazi anayeweza kumlaumu kwayo, amempiga mwanawe marufuku kula samaki wa aina yoyote, na skuli imekwisha kuandikiwa kwamba mtoto ana mzio, au aleji kama wengi wetu tunavyoita.

Nami nilinyamaza. Nilisomesha elimu ya viumbe katika skuli za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na nilipouona uso wangu katika kioo siku ile nilijua ninachokitazama. Nilijua pia jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Aliyemnunua jodari yule, na kumfikisha mlangoni pa mwenyeji, ni mimi.

Nilimnunua sokoni alfajiri, saa kumi na moja, akiwa amelala juu ya barafu, jicho lake angavu na matamvua yake mekundu. Alikuwa samaki mzuri. Nikamtia katika mfuko wa plastiki, nikamweka nyuma ya gari, na njiani nikapita kumjulia hali rafiki yangu mgonjwa. Wazee wawili wanaokumbuka ujana wao hawana saa. Niliponyanyuka ilikuwa saa tano na jua la Julai lilikuwa limesimama juu ya gari. Joto ndani ya gari lililofungwa katika jua la namna ile hupita lile la barazani Forodhani. Nilimkabidhi mwenyeji mfuko saa sita kasorobo. Samaki hakuwa amenuka. Alimwosha, akamkatakata, akampika vizuri kama apikavyo siku zote, na wala hapana jambo lolote ambalo angeweza kulifanya jikoni mwake, kuanzia dakika ile, likatuepusha na yaliyotupata.

Nieleze kwa nini, maana jambo hili wengi hatulijui, na mimi niliyelijua vitabuni nilisahau kulitumia.

Jodari, nguru, vibua, sehewa na jamaa zao wa nyama nyekundu, na hata dagaa na samaki wengine wadogo wenye mafuta, wana katika nyama yao kiasi kikubwa cha kitu kiitwacho histidini. Si sumu, ni tofali mojawapo la kujengea mwili. Lakini katika matamvua na matumbo ya samaki wanaishi bakteria ambao, samaki akishakufa na akawachwa katika joto, huigeuza histidini ile ikawa histamini. Na histamini ndiyo dawa ileile ambayo miili yetu wenyewe huitoa mtu anapoumwa na nyuki au anapopatwa na mzio. Hii ndiyo sababu mtu aliyekula samaki wa namna hii huonekana, kwa kila dalili, kama mwenye mzio: wekundu wa uso na shingo, vipele, kichwa, mapigo ya moyo, tumbo, na ule muwasho wa kinywa unaosingiziwa pilipili. Mzio hasa ni ugomvi baina ya mwili wa mtu mmoja na samaki. Hapa ugomvi haupo. Histamini imeliwa tayari, imo katika kijiko.

Bakteria hao hufa katika moto. Histamini haifi, kwa sababu haikuwa hai. Ichemshe, ikaange, ikaushe, itie katika kopo, igandishe mwaka mzima, itabaki vilevile. Tena haina harufu ya kutegemewa. Pua zetu zimezoea kutambua samaki aliyeoza, na histamini huweza kufika kiwango cha kudhuru kabla ya uvundo kuanza. Ninaposikia mtu akisema "mpike sana tu, haina neno," nakumbuka jodari wa kupaka wa siku ile, ambaye alipita juu ya makaa pande zote mbili kisha akachemka katika tui.

Mtu atauliza: mbona tuliokula ni kumi na mmoja na walioumwa ni sita? Swali hili nililisikia likitumiwa kama ushahidi wa jicho. Jibu ni kwamba histamini haienei sawasawa katika samaki. Kipande kilicho karibu na tumbo kinaweza kujaa, na kipande cha mkiani kisiwe na kitu. Zaidi ya hayo, miili hailingani. Mwenye pumu au maradhi ya moyo hupata taabu zaidi. Wapo pia wanaotumia isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, ambayo wengi katika jamii yetu hupewa baada ya kupimwa hapa. Dawa hiyo huzuia mwili kuivunja histamini, na anayeitumia anaweza kudhurika kwa samaki ambaye mwenzake amemla kwa amani. Mwenye kutumia dawa hiyo na amwulize daktari wake juu ya samaki wa jamii ya jodari.

Kwa kawaida maradhi haya hupita ndani ya saa chache, au siku moja, na dawa za kuzuia histamini humpa mtu nafuu upesi. Lakini mtu akihema kwa shida, akivimba ulimi au akizimia, hapo si pa kujadiliana. Piga 999, na mwambie anayepokea simu mmekula samaki gani na saa ngapi.

Baada ya chakula kile mama wa mtoto alinipigia simu. "Shikamoo Mwalimu," akasema, "nisaidie kuandika barua ya skuli, mwanangu ana aleji ya samaki." "Marahaba, mwanangu," nikamjibu, na barua nikaiandika. Hili nalo ni sehemu ya deni langu. Nilipaswa kumwambia kwamba watu sita wa koo tofauti hawapati mzio mmoja kwa saa moja. Nimekwisha kumwambia sasa, na pia nimemwambia asimpe mtoto samaki kwa kauli yangu. Daktari ana vipimo vya kutambua mzio wa kweli, na miadi imepangwa. Mtoto kunyimwa samaki maisha yake yote kwa sababu ya uzembe wa mzee mmoja na gari lake ni adhabu ya mtu asiyekosa.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na nadhani kosa langu halikuwa la usahaulifu peke yake. Sisi watu wa pwani tunajiona mafundi wa samaki, na kwetu tulikuwa mafundi kweli. Bibi zetu waliweza kumnyanyua changu kwa vidole viwili na kukwambia amevuliwa alfajiri au jana jioni. Lakini ufundi ule ulikuwa na mwenzake, nao ni ukaribu. Samaki alishushwa ngalawani, akanadiwa, na adhuhuri alikuwa chunguni. Hakuna aliyehitaji kujua digrii za joto, kwa kuwa muda wenyewe haukutosha kuleta madhara. Hapa samaki amesafiri maelfu ya maili, amegandishwa, ameyeyushwa, pengine amegandishwa tena, na mara nyingi tunamnunua vipande, hana jicho la kutazamwa wala tamvua la kufunuliwa. Tumehama na macho ya bibi zetu, tukaliacha soko lao.

Kwa hiyo mambo ya jikoni ni haya, nami nayasema kwa mtu aliyeyavunja. Samaki na awe chini ya digrii 4 tangu anaponunuliwa hadi anapoingia motoni. Kisanduku cha kubebea barafu kinauzwa bei ya kilo moja ya nguru. Samaki aliyegandishwa ayeyushwe ndani ya jokofu usiku kucha, si juu ya sinki. Ukimtia ndimu, thomu na tangawizi ili akolee, akolee humohumo jokofuni, maana ndimu si kinga. Na kwa wale wanaorejea likizo na jodari wa kukaanga ndani ya sanduku la nguo, najua thamani ya zawadi ile, nami nimeila mara nyingi huku machozi yakinilengalenga. Ila tuhesabu saa: kukaangwa jana yake, uwanja wa ndege, safari, kungoja ndege ya pili, foleni ya pasipoti, na treni. Kama mnaleta samaki, leteni aliyekaushwa na kutiwa chumvi barabara tangu alipokuwa mbichi, au leteni viungo tu, samaki tutamnunua hapa.

Ipo sumu nyingine ambayo barafu haiizuii, kwa kuwa samaki anavuliwa akiwa nayo. Wataalamu huiita siguatera, jina lililotokana na "cigua," konokono wa baharini wa huko Kuba. Mwaka 1774 mabaharia wa Kapteni James Cook walipatwa na maradhi yanayofanana nayo kabisa baada ya kula samaki wekundu katika visiwa ambavyo leo ni nchi ya Vanuatu. Chanzo chake hakikujulikana hadi miaka ya 1970, wataalamu wa Kijapani na wa Kifaransa walipokigundua katika visiwa vya Gambier, Bahari ya Pasifiki. Ni kiumbe cha seli moja kinachoishi juu ya mwani, hasa ule unaoota juu ya matumbawe yaliyokufa. Samaki wadogo hula mwani ule, wakubwa huwala wadogo, na sumu hupanda ngazi hadi kwa chewa, mzia, mkunga na baadhi ya changu wekundu wakubwa. Samaki mwenyewe haumwi. Rangi yake ni ileile, na ladha yake ni ileile.

Mtu akimla, huanza na tumbo na kutapika, kisha huja mambo ya mishipa ya fahamu: midomo na vidole kufa ganzi na kuchonyota, meno kuhisi kama yamelegea, mwili kuwasha, mapigo ya moyo kupungua. Na dalili moja ya ajabu ambayo nawaomba muikumbuke: mgonjwa akigusa kitu cha baridi huhisi kinamchoma kama moto. Maji ya bomba humuunguza. Nimesoma maelezo ya wagonjwa waliodhaniwa wamerukwa na akili kwa kusema hivyo. Vifo ni vichache, lakini mateso yanaweza kudumu wiki au miezi, na samaki wengine au hata njugu zinaweza kuyarudisha. Hakuna dawa ya kuivunja sumu hiyo. Hospitali hutuliza dalili. Mama anayenyonyesha anaweza kumpitishia mtoto kwa maziwa.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu baina ya 10,000 na 50,000 huugua siguatera kila mwaka duniani, na wataalamu wenyewe wanakiri kwamba wagonjwa wengi hawahesabiwi. Katika bahari yetu ya Hindi, maradhi haya yanajulikana zaidi Mauritius na Réunion, ambako sheria inakataza kuuzwa kwa samaki wa aina fulani. Kwetu pwani ya Afrika Mashariki taarifa zake ni chache. Lakini sisi hatuli tena samaki wa kwetu pekee. Tunakula wa dunia nzima. Mwaka 2004, katika visiwa vya Canary, watu watano wa familia moja waliugua kwa kula samaki wa jamii ya kolekole mwenye kilo 26, mahali ambapo madaktari hawakuwa wakiyatarajia maradhi haya kabisa. Novemba 2012 yalizuka Ujerumani kwa changu wekundu walioagizwa kutoka nchi za joto. Daktari aliyesomea Leeds au Hamburg huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa namna hii, na hatamtambua tusipomwambia tulichokula. Wengi wetu tukifika kwa daktari tunaona haya kutaja chakula chetu, kama kwamba ni siri ya ukoo.

Yale majaribio ya kienyeji yanayosimuliwa visiwa vingi, ya kutumbukiza sarafu ya fedha chunguni ikibadilika rangi, au kutazama kama nzi wanatua juu ya samaki, hayatambui chochote. Paka angalau ataumwa, lakini hilo ni dhulma kwa paka. Kinga iliyopo ni kuepuka samaki wakubwa sana wa miambani, na kutokula kichwa, ini, matumbo na mayai yao, ambamo sumu hujikusanya. Najua kwamba nimegusa kichwa cha chewa, na najua ni nani watakaonipigia simu.

Upande wa pili wa maji yetu, kisiwani Madagaska, Novemba 1993, papa mmoja tu aliliwa katika mji wa Manakara, pwani ya kusini mashariki. Watu 188 walipelekwa hospitali. Karibu kila aliyeonja aliugua, kuanzia saa tano hadi kumi baada ya kula. Hawakuharisha sana wala kutapika, bali walishindwa kusimama na kutembea. Takriban watatu katika kila kumi walifariki. Katika ini la papa yule zilipatikana sumu mbili ambazo hazikuwahi kujulikana kabla. Samaki mmoja! Mtu akigawa nyama ya papa kwa jirani zake hufanya wema, na wema huo ndio ulioisambaza sumu ile mji mzima.

Na kisiwani kwetu, mwezi Machi 2024, Kisiwa Panza huko Pemba, watu walikula nyama ya kasa. Walifariki watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine 78 wakalazwa. Novemba 2021, Pemba hiyohiyo, walikuwa wamefariki watu saba kwa sababu hiyohiyo, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu. Kasa si samaki, na hukumu ya kula nyama yake nawaachia mashekhe, ambao wana kauli zao. Mimi natazama umri wa waliokufa. Sumu ya kasa, ambayo inadhaniwa hutokana na anachokula baharini, haiondoki kwa kuchemshwa, na huwaangamiza watoto kabla ya wakubwa kwa kuwa miili yao ni midogo. Baba anaweza kula, akajisikia vibaya kidogo na akapona, huku anawazika wanawe. Baada ya msiba wa 2021 onyo lilitolewa, na miaka haikufika mitatu. Tunaopiga simu Pemba kila Ijumaa tuna nafasi ya kulirudia onyo hilo kwa sauti ambayo ndugu zetu wanaiamini kuliko ya redio. Kama tunapeleka fedha za kitoweo, na maneno haya yaende pamoja nazo.

Bunju simtaji sana, kwa kuwa kila mvuvi wa kwetu anamjua na humtupa. Nasema tu kwamba sumu yake haina kiuavyo chake, na kuuzwa kwake kwa chakula ni marufuku katika nchi za Umoja wa Ulaya.

Limebaki jambo moja, nalo nilitaka kuliacha kwa kuogopa wenye maduka, lakini mke wangu kanikumbusha kwamba nimestaafu na sina cha kuogopa. Ni papa mkavu.

Zebaki ni madini yanayofika baharini kutokana na moshi wa makaa ya mawe, migodi na viwanda, na humo bakteria huigeuza ikawa zebaki ya namna inayoshika katika nyama ya samaki. Ulimwengu uliifahamu kwa msiba wa Minamata, huko Japani, ambako kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga taka za zebaki katika ghuba tangu 1932 hadi 1968. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi tarehe 1 Mei 1956. Paka wa wavuvi walianza kwa kuyumba na kurukaruka kama wenye kichaa. Baadaye wavuvi wenyewe wakapoteza uwezo wa kushika, kuona na kusema. Zaidi ya watu 2,000 wamethibitishwa rasmi kuwa waathirika. Lililowashangaza madaktari ni akina mama waliokuwa na afya njema, au waliohisi ganzi kidogo tu, na wakazaa watoto waliopooza. Zebaki ilikuwa imempita mama ikaingia katika ubongo wa mtoto tumboni.

Bahari ya kawaida si Minamata. Ila samaki wakubwa wanaoishi miaka mingi na kula wenzao hukusanya zebaki kidogo kidogo umri wao wote, na papa ni wa mbele katika safu hiyo. Kwa sababu hiyo huduma ya afya ya Uingereza, yaani NHS, inashauri kwamba wanawake wenye mimba au wanaojitayarisha kupata mimba, na watoto wote walio chini ya miaka 16, wasile kabisa papa, nduwaro wala samaki wa upanga. Watu wazima wengine wasizidishe mlo mmoja kwa wiki. Kwa jodari, wenye mimba wasizidishe vipande viwili kwa wiki, au makopo manne. Papa akikaushwa maji huondoka na zebaki hubaki, hivyo kipande kidogo cha papa mkavu kina zaidi kuliko kipande kama hicho cha papa mbichi. Na sisi, mwanamke anapokuwa na mimba na chakula kinamkinaisha, tunamletea nini ili apate hamu? Tunamletea mchuzi wa papa wa nazi, kwa mapenzi. Tumletee dagaa, vibua walio safi, changu mdogo. Samaki ni chakula kizuri kwa mama na kwa ubongo wa mtoto, na sitaki mtu aifunge karatasi hii akaamua kula kuku siku saba.

Mwisho kabisa, mkipatwa na maradhi baada ya kula samaki, msitupe mabaki. Yafungeni, yaandikeni tarehe, myaweke katika friza. Mwambieni daktari, naye kwa sheria ya hapa anapaswa kuitoa taarifa ya sumu ya chakula. Nanyi mnaweza kuwapigia maofisa wa afya ya mazingira wa halmashauri yenu. Taarifa hiyo ndiyo inayowawezesha kufuatilia shehena nzima kabla haijafika katika meza nyingine. Sisi siku ile tuliyatupa mabaki kwa aibu, na hapakuwa na mtu wa kutuuliza chochote.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mwenyeji wetu nikamwambia haya yote, habari ya gari na ya mgonjwa na ya saa sita kasorobo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia jikoni, akarudi na chai na kaimati, na ameniruhusu kuandika kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na nisitumwe tena kununua samaki. Nimeyakubali yote mawili. Karamu ya kumuaga mgeni itakuwa kwake, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na jodari atanunuliwa na mtu mwingine. Mimi nimepewa kazi ya kuleta barafu.